Unaogopa kuchunguliwa krediti, kumbe kinachokuangusha ni kochi

(Haya niliyasema kwenye kikao cha jamaa zetu hapa Columbus, Ohio. Waliokosa wakaomba maandishi, nimeyaacha karibu yalivyotoka mdomoni.)

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wale wa habari za jioni nao habari zenu. Itifaki izingatiwe tu jamani, maana nikianza kuwataja wazee wote waliomo humu ndani chakula kitapoa na mimi ndo nitalaumiwa.

Mwenyekiti kaniomba niongelee krediti, yaani rekodi yako ya kukopa na kulipa madeni, na kununua nyumba, kwasababu kwenye grupu letu la WhatsApp haipiti wiki bila mtu kuuliza "hivi nikiaplai mogeji skoo yangu itashuka?", yaani akiomba mkopo wa nyumba ile namba yake ya krediti itapungua, na anajibiwa na watu kumi na mbili, kila mmoja na lake, mmoja anasema usiaplai popote zaidi ya mara moja watakukata pointi 50, mwingine anasema shemeji yake aliaplai sehemu tatu akaharibikiwa kabisa. Mi kazi yangu ni kukaa na watu wanaonunua nyumba ya kwanza, mafaili yao nayaona kuanzia siku ya kwanza mpaka wanapewa funguo, na wengine mpaka wanaponyimwa. Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba tunaogopa kitu ambacho hakituumizi, na kile kinachotuumiza tunakifuata wenyewe tena tukicheka.

Kwanza tuwekane sawa. Wakenya nyie mmekua na CRB, zile ofisi zinazotunza rekodi za wakopaji, ukisikia mtu "kapelekwa CRB" unajua kuna deni hakulipa, kwahiyo kwa wengi wenu jina lako kuwa kwenye hayo mafaili ni aibu. Watanzania wengi na ndugu zetu wa Kivu mmekuja hapa hata hicho kitu hamjakisikia, nyumba mlijenga tofali kwa tofali kila mkipata hela. Huku ni kinyume. Huku kutokuwa na faili ndo tatizo. Unaweza kuwa ulikuwa mlipaji mzuri Nairobi miaka ishirini, mkopo wa Sacco umemaliza, shamba limelipwa, ukishuka uwanja wa ndege hapa unaanza sifuri kama kijana wa miaka 18, historia yako ya nyumbani haivuki bahari. Na upatu, chama, kikoba, mchezo, iteni mnavyoita, mnaolipana kila mwezi bila kukosa hata siku moja, hakuna anayeuandika popote. Inauma kwa kweli, maana hakuna nidhamu ya kulipa kama ya mtu anayejua zamu ijayo ni ya mama Rukia na mama Rukia hana mchezo. Kuna shirika moja San Francisco linaitwa Mission Asset Fund, wao wamechukua huo huo upatu wakauandikisha rasmi, ukilipa wanaripoti kwa zile kampuni tatu za krediti. Natamani tuwe na kitu kama hicho hapa lakini hiyo ni hotuba nyingine.

Kampuni tatu nilizosema ni Equifax, Experian na TransUnion. Zenyewe hazikukopeshi, kazi yao ni kutunza faili lako tu, nani umemkopa, kiasi gani, umelipa lini. Halafu kuna kampuni inaitwa FICO ambayo inachukua faili hilo inalipigia hesabu linatoka namba, kati ya 300 na 850. Hesabu yenyewe wameshaitangaza wazi: asilimia 35 ni kama unalipa kwa wakati, 30 ni una madeni kiasi gani hasa kwenye kadi, 15 ni historia yako ina umri gani, 10 ni mchanganyiko wa aina za mikopo, na 10 ya mwisho ni mikopo mipya na maombi mapya. Sasa sikilizeni vizuri. Hiyo mnayoigombania kwenye grupu kila wiki iko ndani ya ile 10 ya mwisho, tena ni kipande tu cha hiyo 10.

Mkopeshaji akiomba faili lako kwasababu umeomba mkopo, hiyo inaitwa inkwairi nzito, inaandikwa. Wewe mwenyewe ukiangalia skoo yako kwenye simu, au mwajiri akikuangalia, au benki ikakutumia ile barua ya "umeshachaguliwa kupata kadi", hiyo ni nyepesi, haigusi skoo hata kidogo, angalia asubuhi na jioni ukitaka. Ile nzito moja, FICO wenyewe wanasema kwa watu wengi inakula chini ya pointi 5. Inakaa kwenye ripoti miaka 2 lakini FICO inaihesabu kwa miezi 12 ya kwanza tu. Ni kuumwa na mbu, utajikuna kidogo halafu basi.

Na kwa mkopo wa nyumba kuna nafuu nyingine ambayo watu wetu hawaijui na inawagharimu hela. Waliotengeneza hesabu hii wanajua kabisa kwamba mtu mwenye akili hanunui mkopo wa miaka 30 kwenye duka la kwanza alilopita. Kwahiyo ukiaplai mogeji kwa wakopeshaji wanne ndani ya muda mfupi, zote zinahesabiwa kama moja. Kwenye hesabu mpya za FICO huo muda ni siku 45, kwenye za zamani ni siku 14, na wakopeshaji wa nyumba wamekuwa wakitumia matoleo ya zamani kwa miaka mingi, kwahiyo mi nawaambia watu bana kila kitu ndani ya wiki 2, utakuwa salama kwa hesabu yoyote ile. Tena inkwairi za nyumba za ndani ya siku 30 zilizopita FICO huwa haizihesabu kabisa, yaani wakati bado unazunguka kulinganisha bei hata huyo mbu hajatua.

Kwanini nakazania hili. Chukua mkopo wa dola 300,000 wa miaka 30. Kwa riba ya asilimia 6.5 unalipa kama dola 1,896 kwa mwezi, hapo sijaweka kodi ya nyumba na bima. Kwa asilimia 7 unalipa kama 1,996. Dola mia kila mwezi! Piga mara miezi 360, inakaribia dola 36,000. Hiyo ni hela ya kuezeka nyumba ya mama kijijini ukaweka na tangi la maji na chenji ikabaki. Na mtu anaikosa kwasababu shemeji wa fulani alisema usiaplai mara mbili. Anaenda kwa mkopeshaji mmoja aliyeelekezwa na dalali, anapewa riba, anasaini anashukuru.

Ila angalizo: nafuu hiyo ni ya nyumba, gari na mkopo wa shule tu. Kadi za krediti hazina huruma hiyo. Ukiaplai kadi nne wiki moja hizo ni inkwairi nne, kila moja kivyake, na zile za dukani ambapo dada wa kaunta anakwambia "saini hapa upate punguzo la asilimia 20 leo", ile nayo mara nyingi ni ombi la kadi, hata kama ulidhani unanunua viatu vya watoto tu.

Sasa tuje kwenye kinachoumiza, na hapa nitakaa sana.

Mtu amepata barua ya awali, mkopeshaji kasema sawa, nyumba wameipata, ofa imekubaliwa, klozingi, yaani siku ya kusaini na kukabidhiwa nyumba, ni wiki tano mbele. Furaha imejaa, mama watoto ameshaanza kupanga sebule. Wikiendi wanaenda duka la fanicha, kochi kubwa la kona, meza, vitanda vya watoto, dola 6,800, "miezi 18 bila riba", wanasaini. Hawajalipa hata senti, wanaona wamepata bure. Na baba naye kwa kuwa anafanya shughuli zake za kubeba mizigo anaona ni wakati wa kuchukua trak, dola 690 kwa mwezi.

Barua ile ya awali haikuwa mkopo, ilikuwa inasema "kwa hali yako ya leo". Kabla ya klozingi mkopeshaji anarudi kuchungulia tena, na wengi siku hizi wana mfumo unaowapigia kengele deni jipya likitokea. Tufanye hesabu maana ndo inavyofanyika ofisini. Familia inaingiza dola 6,200 kwa mwezi kabla ya kodi. Nyumba pamoja na kodi yake na bima ni 2,050. Gari la zamani 480. Kadi 120. Jumla 2,650, gawanya kwa 6,200 ni karibu asilimia 43, inapita. Ongeza trak ya 690, inakuwa 3,340, hiyo ni karibu asilimia 54. Mikopo ya kawaida ya nyumba kule juu kabisa mwisho ni asilimia 50. Imekufa. Na hapo kochi hata sijalihesabu! Hebu angalieni vizuri, skoo yao inawezekana ilishuka pointi chache tu, sio skoo iliyowaua, ni deni lenyewe kuingia kwenye mizani. Lakini wakitoka pale wanasimulia mjini kwamba "walituchungulia krediti mara mbili ndo ikaharibika", na hivyo ndo uongo unavyozaliwa.

Kochi litakungoja. Kalia ndoo wiki tano, kalia mkeka, wageni watakuelewa.

Halafu kuna hili la kumsimamia ndugu. Binamu kaja juzi, hana krediti, anataka gari aende kazini Amazon, anakuomba umdhamini. Sisi kukataa ndugu ni mtihani, najua, sitawaambia mkatae. Ila jueni mkishasaini, lile gari linaingia kwenye ripoti yako kama umelinunua wewe. Akichelewa yeye, umechelewa wewe. Na ukienda kununua nyumba, malipo yale ya gari, tuseme dola 450 kwa mwezi, yanahesabiwa kwako, isipokuwa uweze kuonyesha kwa karatasi za benki kwamba yeye ndiye amekuwa akilipa miezi 12 mfululizo kutoka akaunti yake. Sio amekupa kashi mkononi ukalipa wewe, hiyo haina ushahidi. Kwahiyo ukimdhamini, mwambie tangu siku ya kwanza ilipiwe kwenye akaunti yake, na usimdhamini mwaka ambao wewe mwenyewe unatafuta nyumba. Ndugu mwenye akili atakuelewa, asiyekuelewa basi umejua.

Kadi nazo. Kile kipande cha asilimia 30 kinaangalia umetumia kiasi gani ya limiti yako. Desemba tunajuana, tiketi za kwenda Dar au Mombasa za watu wanne zimepigwa kwenye kadi, limiti ni 9,000 na deni ni 8,100, hata kama huchelewi kulipa hata siku moja hiyo itakushusha pointi nyingi kuliko inkwairi kumi. Uzuri wake kwenye hesabu wanazotumia sana wakopeshaji hili halina kinyongo, ukilipa likashuka, mwezi unaofuata skoo inarudi. Ujanja ni kulipa kabla ya siku stetimenti inapotoka, maana namba inayopelekwa kwa zile kampuni tatu kwa kawaida ndo hiyo iliyoandikwa kwenye stetimenti. Mtu anasubiri tarehe ya mwisho ya kulipa, analipa yote, anajiona msafi, lakini picha ilishapigwa wakati kadi imejaa.

Na tafadhali msininunie mkifika ofisini nikawaambia skoo yenu ni 684 wakati simu inasema 712. Credit Karma, ile ya kwenye simu, inakuonyesha VantageScore ambayo ni hesabu nyingine, mkopeshaji wa nyumba kwa kawaida anavuta FICO, tena tatu, moja kwa kila kampuni, halafu anachukua ya katikati. 668, 684, 701, wewe ni 684. Mkiaplai mke na mume, bei ya riba kwa kawaida inafuata yule mwenye ndogo. Nimeona ndoa zikitetereka pale mezani, baba anajifanya anatafuta miwani.

Kitu kingine kitakachowashtua: siku mkopeshaji amekuchungulia kwa ajili ya nyumba, simu inaweza kuanza kulia. Makampuni usiyoyajua yanajua unatafuta mogeji, wengine wanaongea kama vile ndo benki yako. Hukudukuliwa. Zile kampuni za krediti zimekuwa zikiuza habari kwamba fulani kaomba mkopo wa nyumba. Kuna sheria imesainiwa Septemba 2025 ya kuwabana, ya kuanza kufanya kazi Machi 2026, ila mi bado nawashauri mjitoe wenyewe kwenye orodha zao kupitia OptOutPrescreen.com kabla hamjaaplai, ni bure, mtandaoni inadumu miaka 5. Na usimpe namba yako ya sosho (Social Security) mtu yeyote aliyekupigia yeye.

Haya, umesaini, una funguo, tumekula pilau. Mwezi mmoja au miwili baadaye mkopo unaingia kwenye ripoti na skoo inashuka. Watu wananipigia wamechanganyikiwa, "nimefanya nini?" Hujafanya kitu. Una deni jipya kubwa ambalo hujalipa bado hata robo, na umri wa wastani wa akaunti zako umeshuka kwasababu kuna mtoto mchanga kati yao. Ukilipa mfululizo miezi kadhaa inapanda yenyewe, na kama hukuwahi kuwa na mkopo wa aina hii hata ule mchanganyiko unakuwa bora. Usiikimbilie dawa. Usifungue kadi nyingine eti kurekebisha, wala usifunge zile za zamani, ukifunga kadi unapoteza limiti yake na asilimia ya matumizi inapanda.

Hatari iko kwenye malipo ya kwanza matatu. Ukisaini tarehe 10 Juni, malipo ya kwanza kwa kawaida ni tarehe 1 Agosti, Julai hulipi, kwahiyo mtu anazoea, hela ya Julai inaenda kwenye jenereta ya nyumbani. Halafu mkopo unauzwa. Hii inawachanganya wengi mno. Ulisaini na kampuni A, mara inakuja barua ya kampuni B inasema tulipe sisi. Mmoja anaitupa akidhani ni matapeli, mwingine anaendelea kulipa A kwa kuwa ndo aliyoiweka kwenye malipo yanayojikata yenyewe. Sheria inasema lazima uambiwe angalau siku 15 kabla, na kwa siku 60 tangu kuhamishwa, ukilipa kwa wakati hata kama ulituma kwa yule wa zamani kwa kupitiwa, hawaruhusiwi kukuhesabu umechelewa. Lakini siku 60 zinaisha. Barua ikija, usipige namba iliyoko kwenye barua hiyo, pigia kampuni uliyoizoea uwaulize, wakithibitisha hamisha siku hiyo hiyo.

Mikopo mingi ya nyumba ina siku 15 za kupumua kabla ya faini, na kuchelewa hakuripotiwi mpaka zipite siku 30. Zikipita, kwa mtu mwenye skoo ya juu pointi 60 na zaidi zinaweza kuondoka kwa mpigo mmoja, na alama inakaa miaka 7. Weka hiyo pembeni ya zile pointi chini ya 5 mnazogombania kwenye grupu.

Nitajibu maswali mawili halafu tule.

Mama ameuliza, sisi tunaokwepa riba tunaochukua nyumba kwa makampuni ya kiislamu, haya yanatuhusu? Yanawahusu. Mkataba ni tofauti, wengine wananunua nyumba pamoja na wewe unaendelea kununua hisa zao, wengine wanainunua wanakuuzia kwa faida mliyokubaliana, lakini kabla ya hapo nao wanakuchungulia krediti vile vile, na trak ya baba wataiona vile vile. Kwahiyo ushauri wote wa leo ubebe kama ulivyo.

Na kijana wa Goma ameuliza kama akinyimwa atajuaje kwanini. Ndani ya siku 30 tangu ombi lako likamilike wanatakiwa wakupe majibu, na kama ni hapana wakupe sababu kwa maandishi au wakwambie namna ya kuziomba, na kama walitumia skoo yako waitaje namba. Usiitupe barua hiyo kwa hasira, niletee. Mara nyingine sababu iliyoandikwa mle sio yako kabisa. Watu wetu wengi waliokuja kama wakimbizi walipewa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, majina ni yale yale, Amani Bahati, Bahati Amani, Ali Juma Ali, na anwani ni apatimenti zile zile tulizoshukia wote, kwahiyo faili la mmoja linaingia kwa mwingine. Nimeshaona mama akidaiwa mkopo wa gari na hajui hata kuendesha. Hiyo unapinga, kwa maandishi, kwa kila kampuni iliyolibeba kosa, ambatanisha nakala ya kitambulisho na kadi ya sosho, kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Ndo maana ripoti zote tatu zivuteni miezi sita kabla ya kutafuta nyumba, sio wiki ya kuaplai. AnnualCreditReport.com, bure kila wiki, na tovuti nyingine inayoomba kadi yako ndo ikupe "bure" muikimbie. Nina laptopu hapa, wanaotaka kuziona zao leo wabaki baada ya chakula, njooni na kitambulisho.